Kabla ya kubandua lipu, tusome kuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie mjadala ambao umekuwa ukiendelea kuhusu watu wanaoandika na kuchora katika kuta za miji yetu. Wasomaji walionitangulia wametaka faini ipandishwe, ulinzi uongezwe na kuta zipakwe rangi mara tu zinapochafuliwa. Sina ugomvi nao, kwa kuwa mtu aliyemaliza kupaka nyumba yake rangi juzi, akaamka na kukuta imeandikwa jina la timu ya mpira kwa herufi za kimo cha mtoto, ana kila haki ya kukasirika. Jambo langu ni jembamba zaidi, na naona limesahauliwa katika mjadala mzima: maandishi na michoro ya ukutani ni ushahidi wa historia, wenzetu katika nchi nyingine wamekuwa wakiusoma ushahidi huo kwa utaratibu kwa muda mrefu, na sisi wa pwani hii tunaubandua pamoja na lipu na kuumwaga kwenye kifusi kabla hata ya kuupiga picha.

Nianze na tulichonacho wenyewe. Mji wa Gedi, karibu na Malindi, ulichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman kati ya 1948 na 1958, na nyumba zake zikapewa majina kutokana na kilichokutwa ndani. Iko nyumba ya mkasi, iko nyumba ya kauri, na iko inayoitwa nyumba ya jahazi kwa sababu ya chombo cha baharini kilichochorwa katika ukuta wake. Chombo hicho hakiko peke yake. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha katika jarida lililotoka hapa kwetu, Tanganyika Notes and Records, uchunguzi wao wa vyombo vilivyochanjwa kwa ncha kali katika lipu ya majengo ya kale ya pwani, kuanzia upande wa Lamu hadi Kilwa na Songo Mnara. Kwa miaka mingi wageni walikuwa wamepita mbele ya mistari hiyo wakiidhani ni nyufa au utundu wa watoto. Walipoinakili na kuiweka sahani moja na maelezo ya mabaharia, ikaonekana kwamba waliochora walijua vyombo.

Faida ya ujuzi huo si ndogo. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na kilichopandisha tanga la mraba la mkeka, ulitoweka baharini katika karne ya 20, na tulichobakiwa nacho ni mifano midogo ya makumbusho, picha chache na maelezo ya waliouona ukiwa umekwisha kuzeeka. Kwa karne zilizotangulia, ukuta ndio shahidi. Mkono uliochora ulionyesha mlingoti uliposimama, tanga lilivyokaa katika foromali, yaani mti unaolibeba, omo, yaani sehemu ya mbele, ilivyonyanyuka na tezi, yaani sehemu ya nyuma, ilivyokatwa. Na pale ambapo chombo kimoja kina tanga la mraba na jirani yake kina tanga la pembe, mtafiti anapata mahali pa kuuliza ni lini aina moja ilianza kuisukuma nyingine. Hakuna tarikh ya sultani iliyojishughulisha na mambo hayo. Waandishi wa tarikh waliandika nani alitawala, nani alimrithi na nani alijenga msikiti. Foromali waliwaachia wapwa wa manahodha waliokuwa na kisu mkononi na ukuta mbele yao.

Kwa nini walichora? Wako wanaosema ni dua ya kuomba safari njema, wako wanaosema ni mchezo wa watu waliokuwa wakisubiri upepo wa kusi ugeuke, na wako wanaosema ni wanafunzi wa chuoni waliochoka. Mimi naelemea upande wa mabaharia, kwa sababu mtoto akichora chombo huweka umbo lake na kumaliza, ilhali baadhi ya michoro hii ina kamba ambazo mtu asiyewahi kuzivuta asingezikumbuka. Hata hivyo sitakataa kwamba michoro mingine ni ya kitoto kweli, na si lazima kuta zote ziwe na jibu moja.

Ngome ya Yesu mjini Mombasa ina jambo la namna yake. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuipoteza kwa Waomani mwaka 1698, na katika muda huo wa karne moja askari na mabaharia wao, waliokuwa mbali sana na kwao na bila shaka wakiwa na saa nyingi za kulinda bahari tupu, walichora meli, watu na majengo katika ukuta wa buruji mojawapo, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Zile nyaraka zilizoandikwa kwenda Goa na Lisbon zimejaa hesabu, malalamiko na sifa za makapteni. Askari wa kawaida hakuandika waraka, lakini alichora, na mchoro wake umehifadhiwa. Nasikitika kusema kwamba wanafunzi wengi wanaopelekwa ngomeni kwa safari za masomo huonyeshwa mizinga, wakapita michoro hiyo kwa haraka.

Sasa tuivuke bahari ili tuone jambo hilohilo likisomwa kwa njia iliyokomaa. Katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kulianzishwa mwaka 2010 mradi wa kuandikisha michoro ya ukutani katika makanisa ya zama za kati, na kazi kubwa ilifanywa na wakazi wa kawaida waliojitolea, wakiwa na tochi, kamera na subira. Katika kanisa la Mtakatifu Nicholas huko Blakeney, mji ambao zamani ulikuwa bandari, walikuta meli ndogo zaidi ya 30 zimechanjwa katika nguzo za upande wa kusini. Wangeishia kuzihesabu, tungepata idadi tu. Wao walitazama zimekaa wapi, wakaona zimesongamana katika nguzo inayotazamana na mahali palipokuwa na altare ya pembeni, na kwamba ijapokuwa zilichorwa kwa muda wa vizazi kadhaa, hakuna meli iliyopitishwa juu ya nyingine. Nguzo hizo zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, kwa hiyo kila mchoro ulipochanjwa ulitokeza mweupe mbele ya waumini wote. Ni vigumu baada ya hapo kuuita uharibifu. Padri aliuona, waumini waliuona, na mchoraji aliyefuata akatafuta nafasi yake pembeni kwa adabu, na wasomi wanaona kwamba huenda zilikuwa maombi ya watu wa bahari.

Naliweka jambo hili mbele ya wasomaji kwa sababu kule Takwa, katika kisiwa cha Manda, na katika magofu mengine ya kwetu, bado hatujauliza kwa ukamilifu swali hilo la mahali. Chombo kilichochorwa karibu na mihrabu, kilichochorwa barazani na kilichochorwa katika chumba cha ndani alikolala mwenye nyumba haviwezi kuwa na maana moja. Kumlinganisha baharia Mwislamu wa Manda na baharia Mkristo wa Blakeney hakumaanishi kwamba mmoja alijifunza kwa mwingine. Kunatusaidia kujua tutafute nini: kimo cha mchoro kutoka sakafuni, unaelekea wapi, uko pamoja na michoro gani, nani angeweza kuuona.

Mji uliofundisha ulimwengu kusoma kuta ni Pompeii, huko Italia, uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79 na kuhifadhi maandishi ya ukutani zaidi ya 11,000, yakiwamo matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa kwa brashi na maneno madogo yaliyokwaruzwa kwa ncha. Humo mna salamu, matusi, bei za vitu, majina ya wapiganaji wa uwanjani, mapenzi yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, na mstari wa kwanza wa utenzi mkuu wa Virgil, mshairi wa Kirumi, ulioandikwa tena na tena na watu ambao inaonekana walikuwa wameukariri shuleni na hawakwenda mbali zaidi ya hapo. Mtu mmoja aliuambia ukuta kwamba anastaajabu haujaanguka kwa kubeba upuuzi wa waandishi wengi kiasi hicho, na maneno hayo yakarudiwa mahali zaidi ya pamoja, kwa hiyo hata malalamiko dhidi ya wachafuzi wa kuta yalikuwa tayari ni msemo wa wachafuzi wenyewe.

Lililonishughulisha zaidi katika Pompeii ni nyumba inayojulikana kwa jina la Maius Castricius, nyumba ya watu wenye uwezo, ambamo mtafiti Rebecca Benefiel alichunguza maandishi 85 na kuonyesha kwamba mengi yake yanajibizana: mtu anaandika ubeti, mwingine anauongezea, wa tatu anatania. Yamo ndani ya nyumba, kwenye ngazi na vyumba vilivyopambwa, mahali ambapo mgeni hafiki bila kukaribishwa. Tukishika mizani yetu ya leo, tutasema mwenye nyumba alivamiwa. Ushahidi unaonyesha kwamba kwa watu wale kuandika ukutani kulikuwa sehemu ya mazungumzo ya ukumbini, na hasira tunayoidhani ni ya maumbile ina historia yake, kama mavazi yalivyo na historia.

Na wakati mwingine mstari mmoja wa makaa hutikisa vitabu. Kwa karne nyingi tarehe ya mlipuko wa Vesuvius ilifundishwa kuwa 24 Agosti, kwa kufuata nakala za barua za Pliny, Mroma aliyeushuhudia mlipuko huo. Mwaka 2018 yalitangazwa maandishi ya makaa yaliyokutwa katika nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa wakati mji unafukiwa, yenye tarehe ambayo kwa kalenda yetu ni 17 Oktoba. Hayakutaja mwaka, lakini kwa kuwa makaa hufutika kwa urahisi, wataalamu wengi waliona kwamba yaliandikwa siku chache kabla ya msiba, na kwamba mlipuko basi ulitokea baada ya hapo. Mjadala haujafungwa, na wapo wanaotetea Agosti mpaka leo. Kilicho wazi ni kwamba fundi, au mtu yeyote aliyekuwa akiandika jambo la nyumbani lisilo na uzito, amewalazimisha wanahistoria kuurudia ushahidi wao wote.

Wasomaji wanaodai adhabu kali watafakari habari ya Sigiriya, nchini Sri Lanka. Juu ya jabali hilo mfalme Kashyapa alijenga kasri katika karne ya 5, na njia ya kupandia ina ukuta uliosuguliwa mpaka ukang'aa, ambao baadaye wageni waliokuja kutazama picha za wanawake zilizochorwa mwambani waliujaza mashairi. Senarat Paranavitana alizisoma na kuzichapisha beti 685 mwaka 1956, nyingi zikiwa za karne ya 8 hadi ya 10, na kwa kuwa maandishi ya Kisinhala ya wakati huo yaliyobaki ni haba, ukuta ule umekuwa hazina ya wanaoichunguza lugha hiyo. Miongoni mwa waandishi wamo wanawake, jambo ambalo nyaraka rasmi za zama zile zingetuficha. Mwaka 2015, katika ukuta huohuo, msichana mmoja aliyekuja kutembea alikwaruza jina lake, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili, kisha akasamehewa na rais wa nchi.

Je, tofauti ni nini kati ya mgeni wa karne ya 9 na mgeni wa 2015? Wapo watakaojibu kwamba ni ubora wa shairi, na jibu hilo silikubali, kwa sababu hata mashairi mabaya ya Sigiriya yanachunguzwa. Kwa maoni yangu tofauti ni kwamba yule wa kwanza aliandika katika ukuta uliokuwa bado unatumika kwa kuandikiwa, na wa pili aliandika juu ya waraka. Akikwaruza leo anafuta kilichotangulia. Ndiyo maana naweza kuunga mkono sheria inayolinda magofu dhidi ya visu vya watalii na papo hapo kutetea usomaji wa michoro ya zamani bila kujipinga.

Sheria yetu wenyewe ina mwanya hapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nchini Tanzania inaweka mpaka wa mwaka 1863, na jengo lililojengwa baada ya hapo linahitaji tamko la pekee ili lilindwe. Mpaka huo unatosha kwa Kilwa Kisiwani. Hautoshi kwa jela ya wakati wa Wajerumani, kwa ghala la katani, kwa bweni la shule ya misheni wala kwa ukuta ulioandikwa jina la chama katika harakati za uhuru.

Wajerumani wa leo wametuonyesha jinsi maandishi yasiyo na hata miaka mia yanavyoweza kuwa na uzito. Mjini Cologne liko jengo liitwalo EL-DE Haus, lililokuwa makao ya polisi wa siri wa Hitler, na katika vyumba vya chini walimofungiwa watu kumebaki maandishi yapatayo 1,800 ya wafungwa, mengi yakiwa ya vibarua walioletwa kwa nguvu kutoka nchi za mashariki. Baada ya vita vyumba hivyo viligeuzwa stoo ya majalada. Mwaka 1979 mwalimu mmoja na mpiga picha mmoja walijificha humo usiku kucha wakapiga picha maandishi hayo na kuyaweka hadharani, kelele za wananchi zikafuata, na ukumbusho ukafunguliwa mwaka 1981. Jengo la Bunge la Berlin nalo lina majina na maneno ya askari wa Kisovieti walioliteka mwaka 1945, yaliyofichuliwa nyuma ya mbao katika ukarabati wa miaka ya 1990. Matusi mazito yaliondolewa, mengine yakaachwa, na wabunge hupita mbele yake kwenda kazini. Sijui ni bunge gani la kwetu lingevumilia.

Nisije nikaonekana nadai kwamba kila mwenye macho anaweza kusoma ukuta. Usomaji huu una mitego. Katika kanisa la Kaburi Takatifu mjini Jerusalem, kuta za sehemu iitwayo kanisa dogo la Mtakatifu Helena zimejaa misalaba midogo isiyo na idadi, na kila kiongozi wa wageni alikuwa akieleza kwamba kila msalaba ulichongwa na hujaji aliyefika. Ukarabati wa mwaka 2018 uliwapa watafiti nafasi ya kupima misalaba hiyo kwa picha za kidijitali, wakaona kwamba kina chake na ufundi wake vinafanana mno, kana kwamba ni kazi ya mikono miwili au mitatu. Inawezekana basi kwamba mahujaji walimlipa fundi awachongee. Simulizi nzuri ya kidini ikageuka kuwa habari ya biashara, ambayo kwangu mimi inavutia zaidi.

Yote haya yanarudi katika mitaa yetu ya leo. Mtu akipita Dar es Salaam au Tanga ataona kuta zilizoandikwa "Nyumba hii haiuzwi", pengine na nyongeza ya kuonya juu ya matapeli. Ataona alama ya X nyekundu katika nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara, ataona "Usikojoe hapa", ataona simu za waganga na mafundi wa friji. Sisi tumezoea. Mwanahistoria wa miaka 200 ijayo, akipata picha za kutosha za "Nyumba hii haiuzwi" zenye mahali na mwaka, atajua kuhusu ugomvi wa mirathi, hati bandia na madalali wa viwanja mambo ambayo gazeti la serikali halitamweleza. Akizipanga katika ramani, ataona bei ya ardhi ilipanda wapi kwanza.

Kenya, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii mmoja wa Kibera alizunguka akiandika ukutani na milangoni maneno ya kuwasihi watu wadumishe amani, katika mitaa iliyokuwa bado inafuka moshi. Mwaka 2012 mpiga picha Boniface Mwangi na wasanii wenzake walichora katikati ya Nairobi wanasiasa wenye sura ya tai mla mizoga, na mchoro huo haukukaa muda mrefu. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, michoro ya mapinduzi katika mtaa wa Mohamed Mahmoud mjini Cairo ilipakwa rangi na mamlaka, na wachoraji wakarudi kuchora upya. Yote hayo tunayajua kwa sababu palikuwapo kamera. Treni za New York zilizofunikwa rangi tangu miaka ya 1970 zilisafishwa mpaka ya mwisho mwaka 1989, na leo anayetaka kuichunguza sanaa hiyo anategemea kwa sehemu kubwa picha za watu kama Martha Cooper na Henry Chalfant. Walioamua kusafisha treni na waliopiga picha hawakuhitaji kukubaliana juu ya uzuri wa michoro.

Ndipo ninapofika kwenye jambo linalonikera kwa miaka mingi. Katika miji ya mawe ya pwani, mwenye nyumba anapokarabati, fundi wa siku hizi hubandua lipu yote ya chokaa hadi kwenye jiwe la matumbawe, kisha hupiga lipu ya saruji. Mafundi wa zamani walipaka chokaa juu ya chokaa, tabaka kwa tabaka, na kilichokuwa chini kilifunikwa lakini hakikufa. Saruji ni adui wa ukuta wenyewe, maana inaziba unyevu ambao chokaa huuachia, na hilo limesemwa sana na wataalamu wa Mji Mkongwe. Lisilosemwa ni kwamba lipu iliyobanduliwa ndiyo karatasi iliyoandikiwa. Mtu hupoteza kwa asubuhi moja alichohifadhiwa na vizazi vitano vya wapaka chokaa.

Napendekeza kwamba Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na mamlaka za Zanzibar ziweke katika kibali cha ukarabati wa jengo la kale sharti la kupiga picha kuta zote za ndani kabla lipu haijaguswa. Gharama yake haifiki bei ya mifuko michache ya saruji. Kazi yenyewe haina siri. Chumba kitiwe giza, tochi iegemezwe ukutani ili mwanga upite ubavuni, na mistari ambayo mchana haionekani itajitokeza kwa kivuli chake. Rula iwekwe pembeni kuonyesha ukubwa, ipigwe picha moja ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mchoro uko wapi chumbani, na kimo chake kutoka sakafuni kiandikwe. Watu wasipitishe chaki au makaa juu ya mistari ili ionekane vizuri, kama ilivyofanywa mahali pengi zamani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchora upya, na anayekuja baadaye hatajua ni wapi mkono wa kale uliishia.

Walimu wa historia nao wana nafasi. Nimefundisha somo hilo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na najua jinsi kidato cha pili kinavyosinzia kwenye orodha ya masultani. Wanafunzi haohao wakiambiwa wakaandikishe majina na miaka iliyochongwa katika madawati ya zamani na kuta za bweni lao, wayapange kwa muongo, watazame ni lini majina ya wasichana yalianza, ni lini majina ya timu yalizidi ya dini, na ni mwandiko upi unaojibu upi, watakuwa wamefanya kazi ya mwanahistoria kabla ya kuikariri maana yake. Iwepo tahadhari moja: maandishi ya vyooni yana majina ya watu walio hai na mara nyingi ni kashfa dhidi ya wasichana. Hayo yaandikishwe bila majina au yaachwe. Si kila kinachosomeka kinafaa kutangazwa, na mwalimu atakayelisahau hilo ataiua kazi yote.

Mwisho nina ombi kwa gazeti lako, ndugu Mhariri. Nafasi ndogo ya kila wiki, hata ya ukubwa wa tangazo la msiba, ingetosha kuchapisha picha moja ya mchoro au maandishi ya ukutani kutoka kwa msomaji, pamoja na mahali, mwaka wa picha na jina la jengo ikiwa linajulikana. Ningependa kuanza na nyumba za kale za Kilwa Kivinje, Pangani na Mikindani, ambazo zinaanguka bila mtu kuzihesabu. Wazee wa miji hiyo wanaoweza kututajia chombo kwa kutazama mlingoti na tanga lake bado wapo, lakini si wengi, na ningefurahi kama wangeulizwa mwaka huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga